Mstari Ule Nyuma ya Sikio la Kushoto

Bi Mwanakombo wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulitufundisha tusiingie kwa mtu bila kusalimu, na mimi barua naiona ni kuingia kwa mtu. Basi shikamoo, kisha niruhusu nikae kitako nikupe habari.

Nakuandikia nikiwa uani kwangu hapa Nguvumali, juu ya meza ya cherehani. Gauni la bibi harusi nimelisukuma pembeni, na mwenyewe akija nitajua la kumwambia. Leo Jumanne. Mtoto ninayetaka kukueleza habari zake yuko nyuma ya nyumba, anacheza peke yake kimya kimya kama ilivyo kawaida yake. Anaitwa Salma, ana miaka minane. Nimepewa kumlea kwa malezi ya kambo, maana yake anakaa nami kama mwanangu huku ustawi wa jamii wakitutazama. Alhamisi afisa wao atakuja, akae naye pembeni bila mimi, amuulize kama anahisi anapendwa hapa. Akiridhika, Salma atabaki. Asiporidhika, watamrudisha kituoni wamtafutie mlezi mwingine. Mimi ninayeweza kupima kiuno cha mteja kwa jicho tu, hili sina futi ya kulipimia, na roho yangu iko juu juu tangu juzi.

Swali lenyewe nalijua, maana na sisi tuliulizwa. Unamkumbuka yule mwanachuo aliyekuja kituoni Pongwe na viatu vyeupe, siku ya mvua? Alitupanga barazani, akatuuliza kwa sauti ya upole, "Watoto, mnahisi mnapendwa hapa?" Nasi tukaitikia "Ndiyooo" kwa pamoja, vile vile tulivyoitikia darasani tukiulizwa kama tumeelewa hesabu ambayo hatukuielewa. Tukapiga na makofi bila kuombwa. Yule dada wa watu akafurahi, akatugawia pipi, akaenda zake na viatu vyake vyenye tope. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni kwa jiko, umejifunga kanga kiunoni, unatutazama kwa jicho lile la mtu anayeona chumvi imezidi lakini hasemi.

Jioni yake ulikuwa umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi, na Saumu, yule rafiki yangu mbishi, akakujia.

"Bi, kupendwa kwahisiwa wapi?"

"Wapi vipi?"

"Njaa naihisi tumboni. Homa naihisi mwili mzima. Huko kupendwa kwahisiwa wapi?"

Ulicheka mpaka ukaacha kukuna. "Mwana we, maswali yako yatanitia wazimu. Nenda kaniletee chanuo."

Haikuwa Jumamosi. Kichwa cha Saumu kilikuwa na misuko mipya kabisa. Ukaifumua yote ukaanza upya, pale pale karibu na nazi, na mimi niliyekuwa napeta mchele niliona wivu hadi mchele ukanimwagikia. Sikujua kwamba lile lilikuwa jibu. Nadhani na Saumu hakujua.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Nilikuja kusikia baadaye kwamba mkuu wa kituo alitaka wasichana sote tunyolewe, kwa ajili ya chawa na kupunguza kazi, na kwamba wewe ulimwendea ofisini ukamwambia, "Niachie vichwa hivi, kazi ni yangu." Basi kila Jumamosi baada ya adhuhuri ulitandika mkeka nyuma ya jiko, na kopo la mafuta ya nazi uliyoyapika mwenyewe, na lile chanuo la mti lililokuwa limepungua meno. Tulikuja mmoja mmoja. Mtindo ulikuwa ule ule mmoja, twende kilioni, nywele zote zinalazwa kurudi nyuma. Ule anaosukwa haraka haraka mtu aliyepata habari ya msiba na basi linamngoja. Shuleni ndio ulioruhusiwa, na kwa vichwa vingi vile usingeweza mwingine.

Mtu aliyelelewa nyumbani kwao hawezi kujua, Bi, kwamba kituoni hukai peke yako na mtu mzima hata siku moja. Unakula na wenzako, unaoga na wenzako, unaugua na wenzako. Ukigombezwa unagombezwa katika kundi, na ukisifiwa ni kundi limesifiwa. Lakini ukiwa umeketi pale mkekani, kichwa kati ya magoti yako, wengine walikaa mbali kwa sababu hukutaka mtu asogee. Ulisema, "Haya, nipe habari." Kisha ulisikiliza mpaka mwisho. Jumamosi iliyofuata uliendelea pale pale tulipoachia: yule mwalimu kapona? ile ndoto ya nyoka imerudi? Vichwa vyote vile, kila kimoja na hadithi yake, nawe hukuwahi kuzichanganya. Majina yetu ulikuwa ukiyachanganya vibaya sana. Mimi niliitwa Saumu, nikaitwa Tatu, siku moja nikaitwa kwa jina la paka. Lakini ulipogusa nywele ulijua uko na nani. Mpaka leo nikiwaza jambo hilo nasisimka mwili.

Nina kovu utosini, kidogo kuelekea kulia. Nilifika nalo kituoni nikiwa mchanga na hapakuwa na mtu wa kusema limetoka wapi. Wewe ulikuwa ukifika pale unapunguza nguvu ya mkono, unalizunguka. Nikakuuliza siku moja hiyo ni nini. Ukasema, "Hiyo ni yako, ulikuja nayo. Mimi napita pembeni." Hukunitungia hadithi, na wala hukujifanya hulioni.

Na kidole chako. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilichovunjika ujanani kiwandani, kwenye mashine ya mkonge, kikaunga vibaya na kisikunjike tena. Kwa ajili ya kidole hicho, kila ulipofika nyuma ya sikio la kushoto mstari wako ulikata kona. Mistari mingine yote ilikwenda imenyooka vizuri, ule ukaenda, ukafika nyuma ya sikio, ukapinda kama mtu aliyekumbuka amesahau ufunguo. Sisi sote tulikuwa nao. Shuleni walitujua kwa mstari huo. Tukiinama kuandika, aliyekaa nyuma alinong'ona, "Huyo wa kituoni huyo, tazama njia yake." Nilikuwa nikivuta kola kuuficha. Siku nyingine nilikuchukia kwa ajili ya mstari ule, na kwa kuwa ulijua kila kitu nadhani na hilo ulilijua.

Nisikupambe, kwani hukupenda kupambwa. Ziko siku hatukuhisi kupendwa hata chembe. Saa zako zilipokwisha ulijitanda kanga yako ukaenda nyumbani kwako, kwa watoto wako, nasi tulikutazama hadi ukapotea kwenye kona ya barabara. Mkuu wa kituo alitaka tukuite Mama. Ulikataa mbele yetu sote. "Mama zao wako waliko," ulisema. "Cheo chao sikichukui. Waniite Bi." Mimi nililia siku ile, kwa kuwa nilikuwa nimeshajizoesha neno lenyewe chini ya shuka.

Ndipo Jumamosi moja, nikiwa na miaka kama hii ya Salma, nikakuuliza nikiwa nimeinamisha kichwa nisikuone uso. "Bi, sisi watupenda, ama ni kazi?"

Mkono wako haukusimama. "Ni kazi," ulisema.

Ukafika mwisho wa mstari, ukaufunga, ukachukua mafuta kwa kidole kile kigumu, ukanipaka utosini, ukapita pembeni ya kovu.

"Na kazi hii niliililia mwenyewe," ukaongeza. "Wenzangu waliitaka ya jikoni. Mimi nikasema nataka watoto. Haya, inama."

Nikainama.

Msiba wako nilipigiwa simu nikiwa Muheza nimefuata vitambaa. Maziko sikuwahi. Nilifika siku ya arubaini, nyumbani kwako Pongwe, ambako miaka yote ile sijawahi kukanyaga. Wanawake tulikuwa chumba cha uani tunachagua mchele, joto kali, kila mtu kashusha mtandio. Saumu alikuwepo, na wengine wa kituoni ambao sikuwaona tangu tulipotawanyika. Walikuja na watoto wao. Binti mdogo wa Saumu alikuja akaniegemea kwa mgongo, kama watoto wanavyoegemea mtu yeyote, akainamisha kichwa kuchezea mchele. Nikauona mstari ukishuka, ukafika nyuma ya sikio la kushoto, ukapinda.

Nilidhani ni macho. Nikamtazama mtoto wa mwenzetu Tatu, aliyekuwa amelala mlangoni. Akageuka upande usingizini, nikaona kona ile ile. Nikawa natafuta sasa, kichwa kwa kichwa. Kila mtoto wa kike aliyekuja na mtu wa kituoni alikuwa nayo. Mama zao wana vidole vizima, Bi. Hakuna mwenye kidole kibovu hata mmoja. Lakini hatukuwahi kujua kwamba pale panapita njia nyingine, mikono ilifunzwa hivyo na imekwenda hivyo. Watoto wale hawana tone la damu moja. Mmoja baba yake Msambaa wa Lushoto, mwingine mama yake alitokea mbali huko hata yeye mwenyewe hapajui. Na wote wanafanana kwa nyuma.

Nikasema kwa sauti, "Subhanallah, tazameni vichwa." Wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka, wa pili akaanza kulia, na mchele tukauacha.

Bintiyo Mwanaidi alikuwa amesimama na ungo mkononi. Alimshika mtoto wa Saumu kichwa, akaupitisha ule mstari kwa kidole, taratibu, akauacha. Kisha akashusha mtandio wake na yeye akatugeuzia kisogo. Misuko yake ilikuwa imenyooka kabisa.

"Mimi nikisukwa na jirani," alisema. "Mama Jumamosi alikuwa kwenu. Nyinyi ndio mlio na mkono wake."

Hakusema kwa ubaya. Wala hakusema kwa uzuri. Sisi tulikutazama ukipotea kwenye kona, tukadhani unakokwenda ndiko kwenye kila kitu. Na huko kulikuwa na mtoto aliyekuwa akikutazama ukija kwetu.

Jioni tukiwa tunaosha masinia nilimuuliza Saumu, ambaye hajawahi kuniambia uongo, kama yeye alihisi kupendwa pale kituoni. Akafikiri. "Hapana," akasema. "Mimi nilihisi kushikwa kichwa." Akaendelea kusugua sinia. Akaligeuza, akasema, "Labda ndiyo hiyo. Sijui. Mimi sina cha kulinganishia." Sikumbishia. Kila mtu ana haki na kichwa chake.

Lakini kabla sijaondoka Mwanaidi aliniuliza, "Na wewe Rehema, wako yuko wapi?" Akiangalia kama nimemwacha mtoto mlangoni. Nikamwambia sina. Ndoa ilikuja ikaenda, mtoto hakuja. Nikarudi Nguvumali nikakaa na mikono yangu mapajani, nikaitazama. Mkono ulikuwepo, kichwa hakipo. Wiki ile ile nilikwenda ustawi wa jamii.

Salma alikuja kwangu kanyolewa, kama alivyokuwa amezoeshwa alikotoka. Alikaa pembeni ya kitanda na kifurushi chake mapajani kama abiria. Siku za mwanzo nilikuta vipande vya mkate chini ya mto, na sisimizi wamepiga mstari mpaka ukutani. Sikusema kitu, nilimwekea kopo lenye mfuniko. Akalitumia bila kuniambia, nami nikajifanya silioni likijaa na kupungua. Chakula anakula, shule anakwenda, ukimtuma anatumika. Ila kichwa chake alikuwa hataki kiguswe. Nikinyoosha mkono tu kumwondolea uzi wa cherehani, anarudi nyuma. Nywele zikaota, zikasimama, zikawa kichaka, na majirani wakaanza kuniuliza kwa kicheko kama sina chanuo nyumbani.

Siku moja akaniuliza nikiwa natunga uzi sindanoni. "Anti, wewe umetumwa?"

"Kutumwa na nani?"

"Na wale. Kukaa na mimi."

Bi, nilikusikia. Nakuapia nilikusikia, karibu sana, mpaka nikageuka. "Sikutumwa," nikamwambia. "Nilikwenda kuwaomba mwenyewe. Nilikwenda mpaka wakanichoka." Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka neno ndani ya kopo na kulifunika.

Wiki chache baadaye akaja na chanuo, akaliweka mezani juu ya kitambaa cha mteja, akakaa chini akanipa kisogo. Nilimgusa taratibu, nikapaka mafuta, nikamwambia, "Haya, nipe habari." Hakutoa. Nikasuka kimya. Nilijiwekea nia ya kuunyoosha ule mstari, asije akachekwa shuleni kama nilivyochekwa mimi. Nilifika nyuma ya sikio la kushoto nikiwa macho kabisa, na mkono ukapinda wenyewe. Nikafumua nikarudia, ukapinda tena. Yeye akapeleka kidole.

"Hapa umekosea."

"Sikukosea. Hapo ndipo ninapopita."

"Nani kakufunza?"

Nikamweleza habari zako, kidogo kidogo, za mkeka na kopo na kidole kisichokunjika. Akasikiliza kwa shingo nzima.

"Alikuwa mamako?"

Nikakumbuka ulivyokataa cheo. "Alikuwa akinisuka," nikasema, na yeye akaridhika kuliko nilivyoridhika mimi.

Tangu hapo kila Jumamosi anakuja mwenyewe. Lakini bado hatoi habari, bado ananiita anti, bado lile kopo linajaa. Na Alhamisi wanakuja kumuuliza. Mtoto asiyesema njaa yake atasemaje jambo kama hili? Wewe ungefanya nini, Bi? Najua. Ungesema nikalete chanuo. Lakini afisa hataki chanuo, anataka jibu. Naacha hapa, ananiita.

*

Nimeirudia barua leo Alhamisi, alasiri. Afisa ametoka kuondoka.

Alikuja asubuhi, mwanamke kijana mpole, si mtu mbaya. Salma akamwamkia shikamoo vizuri, sauti ndogo. Wakaenda nyuma ya nyumba wawili peke yao, nami nikabaki na cherehani nikishona mshono ambao nimekuja kuufumua wote. Walikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa peke yake, amekunja uso.

"Dada Rehema, nisikufiche," akasema. "Hakunijibu. Nimemuuliza kama anahisi anapendwa, kasema hajui. Nimemuuliza kama anataka kubaki, na yeye akaniuliza kama nataka kusukwa."

Nikashika ukingo wa meza. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nguo zake ziko wapi, zipi zimekauka.

"Lakini hebu njoo," akasema. "Njoo uone kitu."

Nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotokea, majani yameota marefu kando ya ukuta. Mimi huwa sifiki kule, nilikuwa nimeshaanza kutafuta mtu wa kuja kuyafyeka. Kumbe ndiko mtoto alikokuwa akicheza siku zote zile. Alikuwa ameyasuka. Fungu kwa fungu, ukuta mzima, majani yamegawanywa na kulazwa kurudi nyuma, mengine yamekauka, mengine mabichi ya leo. Yalikuwa kama vichwa vya wasichana walioketi wakingoja zamu. Salma alikuwa amechutama kwenye la mwisho, vidole vina rangi ya kijani.

"Ana mkono mzuri," afisa akasema. "Ila tazama, yote yanapinda hapa pembeni. Nilimwambia hapa anyooshe."

Salma hakuinua uso. "Hapo hapanyooshwi," akasema. "Hapo ndipo sisi tunapopita."

"Sisi kina nani?"

"Mimi na anti." Akafunga ncha ya majani kwa jani jingine. "Na Bi wa Pongwe. Yule aliyekufa. Kidole chake hakikunjiki."

Bi Mwanakombo, nilikaa chini kwenye maji ya bafuni na gauni langu zuri. Majani yale hayana sikio. Hakuna kitu pale cha kukwepa, hakuna kovu, hakuna mfupa uliounga vibaya. Na mtoto ambaye hukuwahi kumwona, ambaye uliondoka kabla sijajua kama yupo duniani, alikuwa anapinda pale pale ulipokuwa ukipinda wewe, na anajua kwa nini. Nimesikia watu wakisema mtoto fulani ana pua ya babu yake, na maisha yangu yote nilikuwa nikitazama pembeni wanapoyasema hayo.

Afisa alinisaidia kuinuka. Alinitazama, akamtazama Salma, akatazama ukuta mzima. Sidhani kama alielewa lote. Lakini alisema, "Nitaandika abaki," na sauti yake haikuwa ya kiofisi. Salma akasikia, akaendelea kusuka. Baadaye kidogo akaja akasimama karibu nami, karibu kuliko siku zote, akasema gauni langu limeloa.

Bado ananiita anti. Sina haraka. Cheo cha mamake sikichukui.

Sijui kama watoto wote wa vituoni wanahisi kupendwa, na akija mtu mwenye viatu vyeupe kuniuliza sitaitikia "Ndiyooo". Nitampeleka kwa Saumu amweleze yake, kisha nitampeleka nyuma ya nyumba yangu. Nimeghairi kuyafyeka.

Limebaki moja. Afisa alipoondoka nilimpigia simu Mwanaidi. Sikujua hasa naanza wapi, nikamsimulia tu yote kama yalivyokuwa, majani na kila kitu, na alivyokutaja mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Jumamosi mpo?"

Nikamwambia tupo.

"Nakuja kusukwa," akasema. "Nakuja na chanuo la mama."

Nitatandika mkeka uani, Bi. Nitampitisha unapopita. Lala kwa raha ulipolala, na kama huko kuna vichwa, najua huna nafasi ya kuitikia salamu.

Mwanao wa Jumamosi, uliyemzunguka kovu,

Rehema